Kituo cha Pili na Zege la Nakshi

Jumatatu, 2 Juni 2025

Siku imeanza vibaya na imeisha vibaya zaidi. Sostenes amemaliza uwanja wake. Vitofali vya pevingi, vyekundu na vya kijivu, kuanzia barabarani hadi barazani kwake. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, wakala wa forodha kule Rusumo, mtu ambaye akipata shati jipya hulianika kwenye kamba hata kabla halijachafuka. Nimepita mbele ya kwake nikiangalia upande wa pili. Akaniita. Akauliza kama nimeona. Nikauliza kuona nini.

Hilo ningelimeza. Lakini jioni amekuja Mama Restituta, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa jumuiya yetu. Amesema kwa upole kwamba mwaka huu kituo cha pili cha maandamano ya Ekaristi huenda kikahamia kwa Sostenes. Watu wamechoka kupiga magoti kwenye vumbi. Kamati itakagua viwanja vyote viwili Jumamosi ya tarehe 21, kesho yake ndiyo sikukuu.

Kituo cha pili! Paroko anatoka kanisani na Sakramenti, waumini nyuma yake wanaimba, na mara ya pili anaposimama, anasimama kwetu. Imekuwa hivyo tangu enzi za marehemu baba. Alifagia uwanja kwa mkono wake, akatandaza majani na maua, akaweka meza yake ya altare, kisha akasimama njiani na koti lake la pekee, jua kali, hafungui hata kifungo. Mimi nilisimama kando yake. Nilijiona mtoto wa mfalme. Kikihama mikononi mwangu nitamwambia nini nikikutana naye? Nimeshindwa kula. Eustakia, mke wangu, ameniuliza kama sili kweli, kisha akala na sehemu yangu.

Jumatano, 4 Juni

Dawa imepatikana! Nimetazama video kwenye simu hadi chaji ikaisha. Zege la nakshi! Unamwaga zege, unatia rangi, na kabla halijakauka unaligandamiza kwa mihuri ya mpira yenye sura ya mawe. Likikauka mtu ataapa ni mawe ya kuchongwa. Vitofali vya Sostenes vitaonekana kama vipande vya sabuni vilivyopangwa chini.

Jamaa wa kwenye video amesema mengi sana kuhusu maandalizi. Mteremko. Mistari ya kukata ili zege lisipasuke ovyo. Kujaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Sehemu hizo nimezirusha. Ni za watu wenye muda.

Nimemwita fundi Faustini. Nimemuuliza kama zege la nakshi linawezekana. Amesema linawezekana. Mihuri ya dukani ikikosekana, tukatengeneza wenyewe? Inawezekana. Rangi ikiwa haitoshi, tukaongezea udongo mwekundu? Inawezekana. Tukamaliza kwa siku moja? Hiyo ndiyo inawezekana kabisa. Nimefurahi. Mafundi wengine huanza na vikwazo. Eustakia ameniambia baadaye kwamba Faustini tangu azaliwe amemwaga zege la vyoo tu. Nimemjibu kwamba choo nacho ni ujenzi.

Ijumaa, 6 Juni

Rusumo. Malori yamejipanga hadi kwenye kona. Rafiki yangu Privatus, anayeuza vitu mbalimbali karibu na mpaka, amenipatia tairi la lori lililochoka. Mpira mnene, safi. Nitaukata vipande, nitachonga sura ya mawe, tayari nina mihuri. Amenionyesha pia dumu la vanishi ya zege. Nimeuliza maelezo ya matumizi yako wapi. Amesema maelezo huwekwa kwa ajili ya watu wasiojua kazi. Nimelichukua dumu.

Nyumbani ni ugomvi. Eustakia anasema uwanja wa mbele ndipo anapoanika maharage kila mwaka, na mwaka huu yameshang'olewa, yamerundikwa chini ya paa yakisubiri jua. Nimemweleza kwamba juu ya zege la nakshi hakianikwi kitu. Hata kuku hapiti. Ameuliza basi uwanja ni wa nini. Nimesema ni wa macho. Amechukua jembe akaenda nyuma ya nyumba. Nimemsikia akisawazisha ardhi kwa nguvu ambazo si za kawaida. Nimeona ni busara kubaki mbele.

Jumamosi, 7 Juni

Sala ya jumuiya imefanyika kwa Sostenes, juu ya vitofali vyenyewe. Nimelazimika kusifu. Nimesema kwa mtu anayeanza si vibaya.

Nilikuwa na ulezi mfukoni. Mpango ni huu. Katikati ya vitofali kuna nafasi zilizojazwa mchanga. Ulezi ukidondoka humo utaota, na ukiota uwanja wake utakuwa kama shamba lililotelekezwa. Watu walipofumba macho nikaanza kuzunguka taratibu, rozari mkono mmoja, ulezi mkono mwingine. Mama Restituta akafumbua macho mapema. Akanikuta nimeinama peke yangu kwenye kona ya mbali kabisa. Nikajipiga kifuani haraka haraka. Mwisho wa sala amenisifu mbele ya wote. Amesema ni nadra siku hizi kuona mwanamume anayetubu namna ile.

Priscila, mke wa Sostenes, huosha vitofali vile kwa maji kila asubuhi. Atanimwagilia shamba bila kujua. Nimecheka njia nzima, ingawa njia yenyewe ni fupi.

Jumanne, 10 Juni

Zege! Siku kubwa! Nimechoka hadi kope. Tulianza vizuri. Faustini na vijana wake walichanganya, wakamwaga, wakasawazisha kufuata mlima ulivyo. Nilimuuliza kama mteremko si mkali mno. Amesema maji yatapenda. Rangi ilitoka nyekundu ya kupendeza, nusu rangi, nusu udongo wa shambani kwetu.

Kisha vijana wakasikia njaa. Nikasema zege litakauka. Faustini akasema zege husubiri. Wakaenda kula, na kwa muda waliokaa huko nadhani walipika wenyewe. Jua likawaka. Waliporudi, nusu ya uwanja ilikuwa laini na nusu ilikuwa jiwe.

Mihuri nayo ina kichwa kigumu. Upande wa ndani wa tairi haukukubali kisu. Nikaamua kutumia upande wa nje, ambao tayari una michoro. Mchoro ni mchoro. Mpira ukaanza kunasa kwenye zege, kwa hiyo nikaupaka mawese. Ukaacha kunasa. Mbwa wa mtaa mzima wakaja kulamba. Kwenye nusu iliyokwisha kuwa ngumu ilibidi turuke juu ya mihuri kwa miguu, mimi, Faustini na Bigirimana wa bodaboda, aliyekuwa amesimama kunipa shikamoo tu. Kandambili yake imekatika. Nimemwambia hiyo ni sadaka.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka kabla ya kuku. Nimefungua mlango kuona mawe yangu.

Hakuna mawe. Kuna alama za tairi. Zimekwenda juu, zimerudi chini, zimekatisha mbele ya baraza. Kila anayepita anasimama kunipa pole. Wanauliza ni lori gani limepanda juu ya zege bichi, na dereva alisimama au alikimbia. Bigirimana amesema nisiliache hivi hivi, niende polisi wa barabarani. Mzee mmoja amejitolea kuwa shahidi, anasema alilisikia kabisa likishuka.

Mchana minong'ono imeongezeka. Nani hapa mtaani ana urafiki na madereva wa malori ya Rusumo? Mimi sikutaja jina. Nilipoulizwa kama ni Sostenes, nilishusha pumzi tu nikatazama mbali. Sostenes amekuja kwa hasira akitaka nikanushe. Nimemwambia siwezi kukanusha jambo ambalo sikulisema.

Jamaa wa kwenye video alisema zege lifunikwe na limwagiliwe maji wiki nzima. Hilo nimelikumbuka. Nailoni ya nini wakati nina migomba? Nimekata majani mabichi pamoja na vigogo vyake, nimefunika uwanja wote kwa unene. Nimemuuliza Faustini kama utomvu unaweza kuharibu rangi. Amesema inawezekana. Kwa kuwa husema hivyo kwa kila kitu, sikujali.

Jumatano, 18 Juni

Nimefunua.

Hapa kwetu hakuna mtoto asiyejua utomvu wa mgomba. Ukidondoka kwenye shati, shati limekwisha. Hautoki kwa sabuni, hautoki kwa ndimu, hautoki kwa machozi. Nilichapwa na mama kwa ajili hiyo, na hata siku zile niliona ni haki. Na bado mimi, mtu mzima, nimetandika migomba juu ya zege la rangi na kuimwagilia kila asubuhi ili iive vizuri! Madoa meusi, mistari ya kahawia, michirizi kila upande. Juu yake alama za tairi. Na katikati kuna ufa umetoka barazani hadi barabarani, umepinda pinda. Eustakia ameuliza kama na huo ni nakshi. Nimesema ndiyo, ni ya marumaru.

Nikajifariji kwa kuchungulia kwa Sostenes. Ulezi umeota! Umeota wote! Mistari ya kijani kibichi, laini, iliyonyooka kati ya vitofali vyekundu na vya kijivu. Watu wamejaa. Maharusi waliokuwa njiani kwenda Biharamulo wamesimamisha gari wakapiga picha, bibi harusi amelala kabisa juu ya ulezi wangu. Priscila anawaambia wageni kwamba ndiyo mtindo wa Kigali. Mama Restituta amesema inamkumbusha bustani ya masista.

Nimelala mchana nikiwa nimejifunika hadi kichwani. Naomba iandikwe kwamba sikulia.

Ijumaa, 20 Juni

Bado kuna vanishi. Mtu hashindwi akiwa bado ana vanishi.

Nimepaka. Ikang'aa kidogo. Nikapaka tena. Ikang'aa zaidi. Nikaona haya kubakiza, nikamwaga dumu hadi tone la mwisho. Mng'ao! Nimeona uso wangu ndani yake, pamoja na madoa, lakini uso ulikuwa mzuri. Madoa yenyewe sasa yana heshima fulani. Ukisimama mbali na kufinya macho, unaona jiwe la thamani.

Nimetangaza taratibu za matunzo. Hakuna viatu. Hakuna baiskeli. Hakuna kutema. Hakuna kuku. Jogoo wetu hakusikia tangazo. Ameruka kutoka kwenye uzio, akatua, akaendelea kwenda. Alisimama na mabawa wazi hadi barabarani, kisha akajifanya ndiko alikokuwa anaenda. Sikulitilia maanani.

Huko nyuma Eustakia amemaliza uwanja wake wa maharage. Ameusiriba kwa udongo, kinyesi cha ng'ombe na majivu, kwa mkono, hadi umekuwa laini kama kiganja. Maharage yametandazwa juani. Nimemwomba aning'inize mikeka kwenye kamba ili kamati isione mambo ya kizamani. Mikeka hakuning'iniza.

Jumamosi, 21 Juni

Ukaguzi. Nitaandika yote.

Walikuja Mama Restituta, katekista na Sostenes mwenyewe, ambaye siku hizi anajifanya mjumbe. Nikawaomba wavue viatu. Wakavua. Nilikuwa nimeosha uwanja kwa maji ya sabuni ili ung'ae, na ulikuwa bado una unyevu kidogo. Meza ya altare nilishaiweka tayari, ile ya baba, na kitambaa cheupe na maua.

Nikaanza kuwaeleza kuhusu zege la nakshi. Nilikuwa nimefika kwenye habari ya marumaru meza ilipoanza kuondoka. Hakuna aliyeigusa. Iliondoka polepole, imenyooka, maua hayakutikisika, ikashuka mteremko mzima ikitupita mmoja mmoja. Katekista alipiga ishara ya msalaba. Sostenes alinyoosha mkono kuizuia, soksi zake zikamgeuka, naye akaifuata akiwa amekaa. Mama Restituta alisema Yesu na Maria, akajishikilia kwenye koti langu. Tukashuka pamoja.

Hakuna aliyeumia. Hata meza haikuumia. Tulikaa wote barabarani, halafu Bigirimana akapita na abiria akatupa shikamoo.

Uamuzi umetolewa pale pale, chini. Kituo ni kwa Sostenes. Mama Restituta alinishika bega akasema niwe na amani. Sina amani. Nimeirudisha meza ya baba stoo na nimefunga mlango. Nimelia. Leo nakubali. Eustakia ameniletea chai na akakaa karibu nami hadi ilipopoa.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Nilikwenda misa kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Maandamano yakatoka. Nyimbo, uvumba, watoto wa komunyo ya kwanza na nguo zao nyeupe wakirusha maua. Nilijiweka mwishoni kabisa, nyuma ya akina mama wenye watoto mgongoni, ili nisione.

Lakini nilisikia. Tulipokaribia kwa Sostenes wimbo uliyumba, kisha ukadhoofika. Nikapenya mbele. Kwenye vitofali vya Sostenes kulikuwa na mbuzi. Mbuzi wake mwenyewe, na wa majirani, na wengine ambao hadi sasa hawajapata mwenyewe. Wakati sisi tukiwa misani wamekata kamba na kuufuata ulezi. Wameula hadi mizizi, wamefukua mchanga, vitofali vimelala ubavu. Kisha wakala maua ya altare. Tulipofika, dume moja lilikuwa limesimama juu ya altare likimalizia kitambaa. Priscila alikaa chini akajishika kichwa. Sostenes alikuwa anafukuza mbuzi kwa mwavuli, suti yake nzima, na mbuzi walimwona ni mgeni.

Paroko alisimama na Sakramenti mikononi. Jua kali. Hakuna pa kwenda. Watu wote wakageuka kutazama uwanja wangu unaong'aa, na watu wote, pamoja na paroko, wakarudi nyuma hatua moja.

Ndipo Eustakia akatoka kwenye mstari. Hakuniangalia hata mimi. Alimwendea Mama Restituta, akamnong'oneza, kisha akatangulia kwenye njia ya ubavuni mwa nyumba. Paroko akamfuata. Sote tukafuata. Nyuma ya nyumba maharage yalikuwa yameshaanuliwa. Uwanja umefagiwa, umenyunyiziwa maji, majani na maua yametandazwa kama zamani. Na meza ya baba ilikuwa pale. Ameitoa stoo alfajiri. Amesema baadaye kwamba hakutegemea mtu kufika, ila tangu aolewe hajawahi kuacha kuiandaa siku hii, akaona aibu kuanza leo.

Watu wakapiga magoti kwenye udongo. Hakuna aliyeteleza. Hakuna aliyelalamika vumbi, kwa kuwa vumbi halikuwepo. Mimi nilisimama kando ya njia, nikajikuta nimefunga vifungo vyote vya koti. Paroko aliponipita nilishindwa kuimba. Kituo cha pili kilikuwa kwetu. Sijui kama nimewahi kumpenda mke wangu kiasi kile, na nimemwambia hivyo usiku wakati wa kula. Ameuliza kama nimekunywa pombe ya rubisi.

Jumatatu, 23 Juni

Mama Restituta amekuja asubuhi, kwa mlango wa nyuma. Kamati imekaa. Kituo cha pili kimethibitishwa kubaki hapa, kwenye uwanja wa Mama Eustakia. Amesema hivyo mara mbili, wa Mama Eustakia, huku akiniangalia.

Nimetafakari. Tukiacha hisia, ni nani ameokoa kituo? Kama nisingemwaga zege mbele, Eustakia asingetengeneza uwanja nyuma. Kama nisingepanda ulezi, mbuzi wasingekuja. Kila kitu kimekwenda kwa mpango, ila mpango wenyewe ulikuwa bado haujanifikia. Nimejaribu kumweleza Sostenes jambo hili kama jirani. Alikuwa na kitofali mkononi, nikaona nimwache.

Lakini lazima tuseme ukweli. Heshima kubwa namna hii haiwezi kukaa juu ya kinyesi cha ng'ombe. Mwakani anaweza kuja askofu. Nimeupima uwanja wa nyuma kwa kamba. Ni tambarare, meza haitakwenda popote, na safari hii nitatumia rangi ya bluu, ambayo haionyeshi madoa. Eustakia hajui. Itakuwa zawadi yangu kwake.

Bahati nzuri mama yake kule Murusagamba anaumwa mgongo, na Eustakia amesema anataka kwenda kumwona. Nimempakia maharage, nimembebea begi mwenyewe hadi stendi, na nimemwambia asiwe na haraka ya kurudi.